Kidole Kiko Wapi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari, Tanga:

"Ninaandika riwaya ya vijana, ya kifantasia, yenye fumbo la kipelelezi ndani yake. Nimeijenga juu ya zile ngano za Kijerumani nilizozisoma nikiwa mdogo. Mhusika mkuu ni Grete, msichana wa miaka 16, binti wa fundi viatu wa ikulu. Kila mwezi unapoandama, msichana mmoja wa mjini hutoweka, na asubuhi viatu vyake hukutwa mlangoni kwao, soli zimelika. Nimefika sura ya 11. Niliwapa wanafunzi 6 waisome, na wote walipofika sura ya 3 wakaniambia, 'Mwalimu, ni malkia, yule mama wa kambo.' Na kweli ni yeye. Nimfiche vipi? Wawili kati yao wamelalamika pia kwamba mwishoni kioo cha uchawi kinafichua kila kitu. Na mwalimu mwenzangu ananishauri nihamishie hadithi nzima Pangani, kwa kuwa wasomaji wangu hawaujui msitu wa theluji. Naomba ushauri."

Mwalimu, nimezisoma sura zako zote 11, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba wanafunzi wako hawakubahatisha. Walikumbuka. Mtoto aliyewahi kusikia ngano tatu za aina hii anajua kwamba mama wa kambo akishaingia ukumbini, kesi imekwisha. Ukimpa malkia tabasamu, ukamfanya agawe mikate kwa maskini, watazidi kumshuku. Kumbukumbu ya msomaji huishindi kwa kuficha. Ichukue uifanyie kazi.

Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita nilialikwa na klabu ya wasomaji ya shule moja, kidato cha tatu, wanafunzi kama 40 chumba kimoja na joto la saa nane mchana. Nikawasimulia Bwana Harusi Mnyang'anyi, ngano namba 40 katika mkusanyo wa ndugu Grimm, wale Wajerumani wawili waliokusanya ngano za kwao. Labda unaikumbuka. Binti wa mwenye kinu anaposwa na mwanamume tajiri, na kila akimtazama huyo mchumba moyo wake unasisimka kwa hofu. Mchumba anamwambia aje kwake, ndani ya msitu, naye atamwaga majivu njiani ili asipotee. Binti anajaza mifuko njegere na dengu, na kila hatua anaangusha chembe, kulia na kushoto. Anafika kwenye nyumba tupu. Ndege aliye kizimbani anamwambia, rudi, bibi harusi, umeingia nyumba ya wauaji. Chini kabisa, katika ghala, anamkuta bikizee ambaye kichwa chake kinatikisika, naye anamficha nyuma ya pipa.

Wanyang'anyi wanaingia wakimburuta msichana mwingine. Wanamnywesha divai glasi tatu, nyeupe, nyekundu na ya manjano, na moyo wake unapasuka. Mmoja anaona pete ya dhahabu kwenye kidole chake kidogo. Haitoki. Anachukua shoka, anakata, na kile kidole kinaruka juu ya pipa kinaangukia mapajani mwa bibi harusi aliyejificha. Mnyang'anyi anawasha mshumaa akitafute. Bikizee anaita: njooni mle, kidole hakitawakimbia.

Hapo darasa lilikuwa kimya mpaka nikasikia feni. Nikaendelea. Bikizee anatia dawa ya usingizi kwenye divai, wale wanaume wanakoroma, wanawake wawili wanapita juu ya miili yao wakitoka. Upepo umeshapeperusha majivu yote, lakini njegere na dengu zimeota, na kwa mwanga wa mwezi zinaonyesha njia. Siku ya harusi inafika. Wageni wanasimulia hadithi mmoja baada ya mwingine, bibi harusi amenyamaza. Bwana harusi anamwambia, nawe mpenzi, hujui lolote? Anajibu, nitasimulia ndoto niliyoota. Anaanza kusimulia nyumba, ndege, pipa, glasi tatu, na kila baada ya kipande anasema, mpenzi wangu, ilikuwa ndoto tu.

Msichana mmoja wa mstari wa nyuma hakuweza kuvumilia. Akasimama akasema, "Kidole kiko wapi sasa? Anacho?"

Mwalimu, katika watoto 40 hakuna aliyeniuliza muuaji ni nani. Walimjua tangu sentensi ya tatu. Walichotaka kujua ni kama binti anao ushahidi, na kama atapata nafasi ya kuutoa kabla mwanamume aliyeketi kando yake hajaelewa ndoto hiyo ni ya nani. Ndipo nilipoelewa jambo nililokuwa nalisoma miaka yote bila kuliona. Katika ngano hizi fumbo haliko kwenye "nani". Liko kwenye safari ya ukweli, utatokaje kwenye ghala lenye giza hadi ufike mezani kwenye masikio ya watu, wakati mwongo naye yumo mezani anakula. Riwaya yako imetumia nguvu zake zote kwenye swali ambalo wasomaji wako hawaliulizi.

Tazama zile nyingine. Katika Msichana wa Mabata Bukini, namba 89, msomaji anashuhudia kijakazi akimnyang'anya binti mfalme nguo na farasi na nafasi yake. Hakuna siri hata kidogo. Lakini binti ameapishwa chini ya mbingu asimwambie binadamu yeyote. Mfalme mzee anapogundua kuna jambo, hamlazimishi avunje kiapo. Anamwambia, basi liambie jiko la chuma, kisha anakwenda kusikiliza kwenye bomba la moshi. Katika Mfupa Unaoimba, namba 28, kaka anamuua mdogo wake na kumzika chini ya daraja. Miaka inapita, mchungaji anaokota mfupa mweupe, anachonga kipulizio cha baragumu lake, na mfupa unaanza kuimba wenyewe. Kiapo, jiko, mfupa, ndoto. Kila ngano imebuni njia yake ya kumpa ulimi aliyezibwa mdomo. Ukishaona hivyo utaacha kuhangaika kumfunika malkia, utaanza kumwuliza Grete swali gumu zaidi: ukishajua, utamwambia nani, na nani atakuamini wewe binti wa fundi viatu?

Hata hivyo sisemi umwache malkia alivyo. Kuna zawadi hapo ambayo hujaifungua.

Wanafunzi wako wanaamini mama wa kambo ndiye mbaya kwa sababu hivyo ndivyo ngano zilivyowafikia. Si zote zilizoanza hivyo. Jacob na Wilhelm Grimm walipotoa juzuu ya kwanza ya mkusanyo wao mwaka 1812, malkia anayemtuma mwindaji akamuue Snow White, yule binti mfalme wa ngano ya kioo cha uchawi, alikuwa mama yake mzazi. Toleo la 1819 ndilo lililomfanya wa kambo. Hansel na Gretel nao, katika chapa ya kwanza, walipelekwa kutupwa msituni kwa shauri la mama aliyewazaa, na neno "wa kambo" likaingia katika toleo la 4 la mwaka 1840. Wilhelm alikuwa akizitengeneza upya ngano hizi toleo baada ya toleo hadi la 7, la mwaka 1857, na kadiri kitabu kilivyozidi kuwa cha watoto, mama mzazi mwenye kutaka kuua mwanawe akazidi kutovumilika. Wakamwondoa kizimbani, wakamweka mwingine.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho kama mwandishi wa riwaya ya upelelezi. Ushahidi ulibadilishwa na yule aliyekabidhiwa kuuandika. Mshitakiwa wa kwanza alitolewa kimyakimya, na dunia nzima kwa karibu miaka 200 imemhukumu mtu mwingine.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ikulu yako ina mwandishi wa kumbukumbu, yule mzee wa sura ya 6 ambaye sasa hivi hana kazi zaidi ya kukohoa. Mpe kazi. Kumbukumbu zake zinasema malkia wa kwanza, mama mzazi wa binti mfalme, alifariki akazikwa. Kila mtu anaamini. Sasa iwe hakufa. Alikwenda chini ya ziwa, kule kwenye ukumbi wako wa ngoma, kwa mapatano aliyofanya mwenyewe, na wasichana ndio malipo. Malkia wa sasa, mama wa kambo, analijua hilo na amenyamaza. Kwa hiyo wanafunzi wako watakuwa wamekosea na wamepatia: hakuwachukua wasichana, lakini hana mikono safi. Kosa lake ni kunyamaza, na kwa kijana wa miaka 16 hilo ni kosa la kufikirisha kuliko uchawi, kwa sababu yeye mwenyewe ameshawahi kunyamaza.

Angalia jinsi mabadiliko yenyewe yalivyo madogo. Katika sura ya 5 umemwandika malkia akitembea usiku wa mwezi mwandamo na funguo mkononi, Grete kajibanza nyuma ya pazia, kitasa kinalia mara mbili. Wanafunzi wako waliposoma waliona mwanamke anawafungia wasichana ndani. Usibadilishe neno hata moja. Katika sura ya 14 Grete akumbuke kwamba mlango ule unatokea nje, ziwani. Malkia alikuwa anazuia kitu kisiingie. Tukio moja, maneno yale yale, maana mbili. Hapo msomaji atafunua kurasa nyuma kuhakikisha, na akikuta hukumdanganya atakupenda.

Kuna na jambo la lugha, nalo nataka nilikalie kidogo, maana ndugu Grimm wenyewe hawakuwa nalo. Kijerumani kikitaja mtu kwa kiwakilishi kinakulazimisha useme ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakikulazimishi. Shahidi akisema, "Alisimama pale darajani, ameshika taa, akaimba," sentensi imekamilika na hatujui kama ni yeye wa kike au wa kiume. Msomaji wako ataona mwanamke, kwa kuwa malkia amekwisha kukaa kichwani mwake. Baadaye Grete agundue kwamba aliyesimama darajani alikuwa kijana wa zamu, mwanamume, aliyelipwa awaongoze wasichana gizani. Hujaandika uongo. Msomaji ndiye aliyemvisha gauni.

Na lile neno "mama" lina nguvu zaidi. Mtoto wetu anamwita mama aliyemzaa, dada wa mama yake mkubwa na mdogo, mke wa baba, yaya, na mama wa jirani akimtuma dukani. Katika sura ya 4 una mtoto wa miaka mitano, mdogo wake Liese, msichana aliyetoweka, anayesema, "Mama alimchukua dada." Hivi sasa watu wazima wanaelewa mara moja ni malkia. Acha waelewe hivyo. Ila kabla ya hapo, kurasa mbili tatu nyuma, tuonyeshe mtoto huyo akiwaita mama wanawake wanne tofauti asubuhi moja, mmoja anamchana nywele, mwingine anampa uji, bila wewe kulisemea lolote. Msomaji makini ataona. Asiyekuwa makini atajilaumu mwenyewe baadaye, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Tahadhari moja tu. Mbinu hii iwe midomoni mwa mashahidi. Msimulizi wako akianza yeye mwenyewe kukwepa jina na jinsia ya mtu kwa sura tatu mfululizo, nathari itapinda, na msomaji atajua unamchezea.

Tuje kwenye kioo. Wale wanafunzi wawili wana haki, na naomba uwasikilize kuliko unavyonisikiliza mimi. Uchawi ukija kutatua fumbo mwishoni, kila alichofanya Grete kabla ya hapo kinakuwa bure. Ngano zenyewe zina nidhamu kubwa katika hili. Kioo cha malkia katika Snow White hakisemi uongo kamwe, lakini hakimkamatishi mwovu, kwa sababu kinangoja kuulizwa, na yule mwanamke ana swali moja tu maishani mwake. Tumia hilo. Kitoe kioo mwishoni kilete sura ya 2, mbele ya watu, na sheria yake ijulikane na kila mtoto wa mjini: kinajibu swali moja kila mwezi mwandamo, na kinajibu neno kwa neno. Watu wamekiuliza, "Wasichana wetu wako hai?" Kikasema ndiyo. Wamekiuliza, "Malkia wetu anajua walipo?" Kikasema ndiyo. Wanatoka wakipiga kelele malkia auawe, na hakuna aliyejiuliza kama kioo kinamhesabu malkia mmoja au wawili. Ukifanya hivyo uchawi hautakuwa jibu tena. Kazi ya Grete itakuwa kupata swali sahihi, na hiyo ni kazi ya akili.

Linganisha pia ufunguo na yai, kwani hapo pana somo zuri la jinsi ya kuweka uchawi na akili uwanja mmoja. Katika Ndevu za Buluu ya Charles Perrault, iliyotoka Ufaransa mwaka 1697, mke anafungua chumba alichokatazwa, ufunguo unaanguka kwenye damu, na damu haitoki. Akiisugua upande huu inatokea upande ule. Ufunguo una uchawi, basi, hana la kufanya isipokuwa kungoja kaka zake wafike na farasi. Sasa chukua ngano ya Kijerumani ya aina hiyo hiyo, Ndege wa Fitcher, namba 46. Mchawi anawapa wasichana yai walibebe popote waendako. Dada wa kwanza na wa pili wanaingia nalo chumbani, linawaponyoka likaanguka damuni, wanakufa. Dada wa tatu, kabla hajagusa mlango, analiweka yai mahali salama. Hivyo tu. Kisha anaingia, anaviunga viungo vya dada zake, wanafufuka, na mchawi anarudi akakuta yai jeupe. Uchawi wa yai haukuvunjwa wala haukupungua. Msichana aliuelewa unavyofanya kazi akaufanya ushuhudie uongo. Ningependa Grete awe wa ukoo wa dada huyu wa tatu.

Sasa viatu, maana hapo ndipo riwaya yako ilipo na uhai wake wote, nawe umeviacha mlangoni. Umeazima kutoka ngano namba 133, ya mabinti mfalme 12 ambao wanafungiwa chumbani kwa makomeo kila usiku na asubuhi viatu vyao vimechakaa kwa kucheza. Ni fumbo la chumba kilichofungwa, limesimuliwa kabla ya wapelelezi wa vitabuni tunaowajua leo. Askari mzee, aliyeonywa asinywe divai watakayomletea, anafunga sifongo chini ya kidevu, divai inaishia humo. Anawafuata chini ya ardhi akiwa na joho la kutoonekana, na ili aaminiwe anavunja vijiti vya miti, cha fedha, cha dhahabu na cha almasi. Binti mdogo anausikia mlio wa kijiti anashtuka. Dada mkubwa anamtuliza. Kila mara mdogo ndiye anayehisi, na mkubwa ndiye anayesema si kitu. Na usisahau jambo ambalo watu hulipita haraka: waliojaribu kabla ya askari wakashindwa waliuawa, na mabinti walijua, wakaendelea kucheza. Mimi jambo hilo huninyima raha kila nikisoma. Kama ukimweka mmoja wa waliopotea anayejua kwamba ngoma yake inalipiwa na roho ya mwingine, utakuwa umegusa kitu ambacho toleo la watoto hukikimbia.

Lakini kwanza viatu vyenyewe. Umeandika "soli zimelika" mara tisa. Zimelika wapi? Kaa nusu siku na fundi viatu, mmoja wa wale wanaokaa chini ya mwavuli karibu na stendi, umtazame anavyogeuza kiatu kabla hajamsalimia mteja. Nilimpelekea mmoja kiatu changu akakitazama chini kwa muda wa pumzi mbili, akasema, "Mzigo unaubebea bega la kulia." Ni kweli, mkoba wa miswada nauning'iniza kulia. Aliona kisigino cha kulia kimeliwa ukingo wa nje zaidi ya cha kushoto. Huyo ni mpelelezi, na Grete amekulia mapajani mwa mtu kama huyo.

Anayetembea umbali mrefu hula kisigino, hasa ukingo wa nje. Anayecheza ngoma kwa ncha za miguu hula mbele, chini ya shina la vidole, na kisigino kinabaki kizima. Anayeburutwa soli yake haina neno, ila ngozi ya nyuma ya kisigino au ya juu ya vidole inachubuka. Mjazie Grete maarifa haya polepole katika sura ya 1 na ya 2, akiwa kazini, uzi una nta mkononi, baba akimsahihisha. Halafu ziletwe jozi. Ya kwanza imelika mbele. Ya pili mbele. Ya tatu mbele. Ya nne imelika kisigino.

Mji mzima unasema wanne wamechukuliwa na kitu kimoja. Grete peke yake anajua kwamba msichana wa nne hakucheza. Alitembea, tena mbali, tena kwa miguu yake, na mtu mwingine akaja kuviweka viatu vyake mlangoni ili ahesabiwe pamoja na wenzake. Kwa nini? Nani alijua vya kutosha kuhusu wale watatu hata aweze kuiga? Hapo una fumbo ambalo hakuna ngano iliyomwandalia mwanafunzi wako jibu lake, na ameshafika sura ya 3 akidhani anajua kila kitu.

Kuhusu Pangani, namheshimu mwenzako, lakini nakuomba usihame. Msitu wa ngano hizi si theluji na utupu. Ndugu Grimm waliishi Kassel, katika Hesse, na kaskazini ya mji huo uko msitu wa Reinhardswald wenye mialoni mikongwe, ambako wanavijiji waliingiza nguruwe na ng'ombe kulisha. Katika misitu ya namna hiyo walikuwamo wakata kuni, wawindaji, wachoma mkaa. Mwanafunzi wa Tanga huenda hajaona theluji, lakini mchoma mkaa anamjua, anaujua moshi unaotoka chini ya udongo siku kadhaa, anajua mtu wa namna hiyo anaona mengi usiku na haulizwi. Weka mchoma mkaa awe shahidi. Waliozisimulia ngano nao ni watu tunaowatambua. Dorothea Viehmann, aliyewapa ndugu Grimm ngano nyingi za juzuu ya pili ya mwaka 1815, alikuwa mke wa fundi cherehani aliyekuja mjini Kassel kuuza mazao yake. Wilhelm alimsifu kwamba aliweza kurudia ngano polepole, neno kwa neno, ili waandike, na akikosea mahali alijisahihisha papo hapo. Nikimfikiria namwona bibi wa sokoni yeyote wa kwetu, kapu liko miguuni.

Kama unataka kuchota pwani, chota mbinu. Katika ngano za Unguja alizozichapisha mmisionari Mwingereza Edward Steere huko London mwaka 1870 imo hadithi ya Sultani Majnuni, ambayo nina hakika umeisikia kwa jina la Nunda mla watu. Paka wa sultani anakula ndama, watu wanashitaki, sultani anasema paka ni wangu na ndama ni wangu. Anakula mbuzi, jibu lile lile, mpaka anafikia kula watu. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekivisha nguo ni mwenye amri. Kisha kijana mdogo anakwenda kumsaka, anarudi na mbwa akiimba kwamba amemuua Nunda, na mama yake anamjibu, mwanangu, siye. Anarudi na mkubwa zaidi, siye. Analeta hadi tembo, siye. Nimesoma vitabu vingi vya upelelezi na sijaona namna safi zaidi ya kuwaondoa washukiwa mmoja mmoja. Mpe Grete mtu wa kumwambia "siye". Baba yake atafaa sana: kila akileta jina jipya, mzee anageuza kiatu mkononi, anatikisa kichwa.

Mambo madogo nimeyaandika pembeni mwa kurasa, hayahitaji maelezo. Punguza "ghafla". Sura ya 9 ina ndoto ndefu isiyozaa kitu, iondoe yote. Na usifunge kitabu kwa "wakaishi raha mustarehe", kwa sababu wasichana watatu watakuwa wametoka chini ya ziwa na mji mzima unajua malkia alinyamaza.

Anza na sura ya 3 na ya 5, unitumie hizo tu. Ila kabla hujaandika neno, amua msichana wa nne alikuwa anakwenda wapi.